Chuma cha Kushoto

"Nipe karatasi, binti yangu, niandike kwamba ni mimi, tumalize."

Inspekta alikuwa hata hajavuta kiti. Kwa miaka kumi na minne ya upelelezi alikuwa ameona watu wakikana mpaka sauti zinawakauka, wengine wakikana huku kitu cha wizi kimewatuna mfukoni. Mtu wa kumwomba kalamu saa mbili asubuhi, kabla ya chai, huyu alikuwa wa kwanza.

"Shikamoo, mzee," alisema, akakaa.

"Marahaba. Karatasi."

"Karatasi zipo tele. Kwanza niambie unataka kuandika nini."

Mzee aliyekuwa mbele yake alikuwa dereva wa kampuni ya kuchimba visima. Wenzake walimwita Mzee Taratibu, na jina lenyewe lilikuwa halali yake: miaka ishirini na miwili barabarani, hajawahi kukwaruza hata bampa. Jumanne alfajiri mkunga mmoja aliyekuwa akienda kazini kwa baiskeli aligongwa kwenye barabara kuu, kilomita tano kutoka yadi ya kampuni, akaachwa kando ya mtaro. Mpaka sasa alikuwa hospitalini, hajafungua macho. Mpita njia aliona pikapu nyeupe yenye nembo ya kampuni ikipita alfajiri ile, na polisi walipoikagua walikuta rangi ya buluu ya baiskeli imekwaruzwa chini kwenye chasisi. Aliyeandikiwa pikapu hiyo Jumanne alikuwa dereva mmoja tu. Leo ilikuwa Alhamisi, na mwendesha mashtaka alitaka jalada mezani kwake saa tisa alasiri.

"Ulimgonga?"

"Sijui."

"Hujui vipi, mzee?"

Mzee Taratibu aliitazama mikono yake. "Gari lilikuwa linatetemeka, mwanangu. Tangu nilipoingia barabara kuu. Kiti kinatetemeka, usukani unatetemeka, kwenye kioo cha nyuma sioni kitu. Siku mbili nimewaza hapa ndani. Labda nilimgonga, na kwa kutetemeka kule nisihisi. Mama wa watu amelala pale, halafu mimi nabishana na serikali? Kama ni mimi, niandikwe."

"Ulilikagua kabla ya kuondoka?"

"Kila siku nalizunguka. Nililikuta limeoshwa, linang'aa, halina mkwaruzo."

Alinyanyua kikombe cha chai alicholetewa. Kikombe kilicheza mkononi mwake, chai ikamwagikia sahani. Inspekta aliliona hilo na hakulipenda, kwa sababu lilikuwa linajieleza lenyewe kirahisi mno.

"Na kitabu changu cha safari kiko wapi?" mzee aliuliza Inspekta alipofika mlangoni. "Mlinichukua mchana sijakifunga. Jumanne iko wazi mpaka leo."

"Kiko salama."

"Siku haiachwi wazi," mzee alisema, kama mtu anayekumbusha taa iliyosahauliwa ikiwaka.

Koridoni alisubiri Sajenti, mtu mnene aliyebakiza miezi minne kustaafu na aliyekwisha kuanza kuihesabu. Jana yake alikuwa ameijaribu pikapu hiyo mwenyewe, tena kwa kipimo: aliweka glasi ya maji juu ya dashibodi, akazunguka mitaa ya kituo mara tatu.

"Maji hayakucheza, afande. Lile gari limetulia kuliko kitanda changu. Mzee anatudanganya, au umri unamdanganya yeye."

"Anayedanganya anadanganya ili atoke. Huyu kwa nini adanganye ili aingie?"

Sajenti alishusha pumzi. Kituoni walimwita Inspekta huyu Bi Kwanini, kwa mdomo wa pembeni. Yeye alijua na wala hakujali.

Walipokuwa njiani kwenda yadi ya kampuni, Inspekta alifungua mfuko wa vielelezo akakitoa kitabu cha safari. Mwandiko ulikuwa wa mtu anayeheshimu mistari. Kila siku mzee aliandika kilomita za kulichukua gari na kilomita za kuliacha. Jumatatu jioni: ameliacha kwenye 41,288. Jumanne asubuhi: amelichukua kwenye 41,316. Pembeni, kwa herufi ndogo: *28 si zangu.* Chini yake, ameandika baada ya kurudi saa nne: *Gari linatetemeka likifika 80. Litazamwe.* Na chini kabisa, kwa kalamu nyekundu na mkono mwingine: *Limetazamwa. Halina shida.* Sahihi ya fundi.

"Hizi ishirini na nane mmeziuliza?" alimwonyesha Sajenti.

"Kitabu anaandika mwenyewe, afande. Angetaka angeandika hata kilomita za kwenda mwezini."

Hilo nalo lilikuwa kweli.

Mkuu wa gereji ya yadi aliitwa Fundi Spana, mwembamba, mcheshi, na watu walisema huwa na spana mfukoni hata msibani. Ofisi yake ilikuwa ghala la vitu visivyokufa: rejeta zilizotoboka, springi, vikombe vya mpira, bolti ndani ya makopo ya maziwa. Upepo ulikuwa unausukuma mlango, naye alikisogeza kwa mguu kipande cha chuma cheusi, duara, kizito, cha ukubwa wa sufuria ndogo, chenye masikio mawili ya kupitishia bolti. Mlango ukatulia. Inspekta hakukiona, akajigonga kidole cha mguu.

"Aa, pole sana, Inspekta! Gereji ni gereji, kila kitu kinang'ata."

"Hutupi kitu humu?"

"Chuma? Nikitupe? Leo takataka, kesho nakitafuta kwa tochi."

Inspekta alikaa, kidole kikimpwita. "Jumatatu jioni mpaka Jumanne asubuhi, pikapu ilitembea kilomita ishirini na nane. Nani aliitembeza?"

"Mimi. Nilijaribu breki jioni ile."

"Kilomita ishirini na nane za breki?"

"Breki ni roho za watu, Inspekta."

"Na nani aliiosha?"

"Mimi tena. Napenda usafi." Akacheka, kisha akashusha sauti kama anayesema jambo la kifamilia. "Sipendi kumsema mzee wetu. Lakini umeiona mikono yake? Mwaka sasa inatetemeka. Anashika usukani, usukani unatetemeka, anasema gari bovu. Mimi nilimwandikia halina shida kwa sababu halina shida. Nimeficha aibu yake mpaka imefika hapa."

Sajenti alitikisa kichwa kwa masikitiko ya kweli. Maelezo yaliingia mahali pake bila kusukumwa: mikono ya mzee, chai kwenye sahani, glasi ya Sajenti iliyotulia. Ilikuwa saa nne na robo. Kama Inspekta angetia sahihi jalada lile wakati ule, hakuna ambaye angemlaumu.

"Mbali na wewe," aliuliza, "nani mwingine anazijua pikapu hizi?"

Fundi Spana alichukua tambara, akafuta mikono. "Wapo kwenye karakana ya wakala, mjini. Watoto wa kompyuta. Watakupotezea muda."

Kwenye karakana ya wakala hapakuwa na mtoto. Palikuwa na mama wa miaka hamsini na kitu, ovaroli safi, miwani kwenye uzi, ambaye mafundi wenzake walimwita Fundi Masikio kwa sababu alikuwa akiyajua magonjwa ya magari kwa kuyasikiliza tu. Alimsikiliza Inspekta vivyo hivyo, kichwa kimeinama upande.

"Mlilijaribu wapi?" aliuliza.

"Mitaa ya kituo," Sajenti alijibu.

"Spidi?"

"Thelathini. Arobaini. Kule kuna matuta, mama."

Fundi Masikio alicheka mpaka akavua miwani. "Kaka yangu, umekwenda kumtafuta samaki juu ya paa. Ingieni. Shika glasi yako ya maji."

Alikaa kwenye usukani wa pikapu ya kielelezo, Inspekta mbele, Sajenti nyuma na glasi yake. Mjini gari lilikwenda kimya kabisa, na Sajenti alianza kujichekea. Wakaingia barabara kuu. Sitini, sabini. Kwenye themanini Fundi Masikio alilegeza mguu kidogo, gari likashika mwendo wa kutulia.

Mara kiti kikaanza. Kwanza mgongoni, kisha mapajani, kisha meno. Kioo cha pembeni kikawa ukungu mtupu. Vitu kwenye mlango vilianza kulia. Nyuma, Sajenti alitamka neno lisiloandikwa kwenye ripoti, na maji yake yalikuwa kwenye suruali.

"Basi mzee hakusema uongo," Inspekta alisema.

"Hata kidogo. Injini hii ina silinda nane. Ikiwa inatembea pole mjini, au inapanda, zote nane zinafanya kazi. Lakini ukishika mwendo barabara kuu bila mzigo, inazilaza nne ili isile mafuta bure. Zinabaki nne. Mapigo yanakuwa machache lakini mazito, na chasisi ndefu kama hii inayapokea, inaanza kucheza nayo. Hicho ndicho unachokisikia."

"Kila pikapu ya aina hii hutetemeka hivi?"

"Ingekuwa hivyo nani angeinunua? Hapana. Kuna kitu cha kuizuia. Na kwenye hii, hakipo kazini. Twende nikuonyeshe ni nini."

Karakana ilikuwa na pikapu nyingine ya aina hiyo hiyo, ya mteja, imepandishwa kwenye lifti hadi juu ya vichwa. Fundi Masikio aliwasimamisha chini yake. Injini ilikuwa imezimwa, swichi tu imewashwa. Palikuwa kimya kiasi kwamba Inspekta alisikia tone la mafuta likianguka kwenye beseni.

"Weka kiganja hapa."

Chini ya kabini, kwenye ubavu wa kulia wa chasisi, palikuwa na kopo la chuma cheusi, baridi. Inspekta aliweka kiganja. Fundi Masikio aligusa kitufe kwenye kompyuta yake ya mapajani.

Chuma kikaamka. Mwanzo kilivuma kama nzi aliyefungiwa kwenye kiberiti, kisha kikakaza, kikakaza tena, mpaka saa ya mkononi ya Inspekta ikaanza kugongagonga na mkono wake wote ukafa ganzi hadi kiwiko.

"Sasa tazama juu."

Inspekta alitazama. Milango ya pikapu ilikuwa inatetemeka. Vioo vilikuwa vinatetemeka. Kibao cha namba kilikuwa kinagonga. Gari la tani mbili na zaidi, injini imekufa, ndani hamna mtu, lilikuwa linatetemeka lote kwa sababu ya kitu kilichokaa chini ya kiganja chake. Sajenti alirudi nyuma hatua mbili akamtaja Muumba wake.

"Kinaweza kuitikisa hivi?" Inspekta aliuliza, na sauti yake mwenyewe ilikuwa ndogo.

"Kiko kimoja kulia, kimoja kushoto. Ndani kuna donge la chuma limening'inizwa kwenye springi, na limezungukwa na sumaku ya umeme. Ukipeleka umeme, donge linapanda na kushuka."

"Lakini hii inaongeza mtikiso, mama," Sajenti alilalamika. "Gari limeshachoka kutetemeka, nyinyi mnalitetemesha tena!"

"Hapo ndipo penye akili. Kompyuta inasoma injini: sasa inapiga, sasa inapiga, sasa inapiga. Inajua kila pigo kabla halijafika kwenye kiti chako. Injini ikisukuma chasisi juu, donge linaisukuma chini. Wakati ule ule, kwa nguvu ile ile. Chukua watu wawili wanausukuma mlango mmoja, huyu ndani, huyu nje. Wanatoka jasho wote wawili, na mlango hauendi kokote. Na pale kwenye chasisi kuna kihisi, sikio dogo, linasikiliza kama kuna mtikiso uliobaki. Ukibaki, kompyuta inarekebisha."

"Mara ngapi?"

"Mapigo hamsini, hamsini na tano kwa sekunde. Bila kukosea."

Inspekta aliomba aone kwa macho yake. Waliishusha ile pikapu ya mteja wakaipeleka barabara kuu, glasi ya maji juu ya dashibodi. Kwenye themanini injini ililaza silinda zake nne, na uso wa maji ulikaa bapa. Inspekta, aliyekuwa na kompyuta mapajani, alibonyeza pale alipoelekezwa. Maji yakaparamia kingo, viti vikaanza ngoma yao. Alibonyeza tena. Kabla hajamaliza kufumba na kufumbua, maji yalilala. Akabonyeza tena, na tena, kama mtu aliyepewa kuwasha na kuzima mvua. Chini ya miguu yao vyuma viwili vilikuwa vinahangaika kwa nguvu zote, na hapa juu hapakuwa na kitu cha kusikia. Inspekta alistaajabu waziwazi, mdomo wazi, wala hakujificha mbele ya Sajenti. Sajenti mwenyewe alikuwa ameinamia ile glasi kama anayesoma ndani yake.

"Watu wamekaa wakafikiria hili," alisema Sajenti polepole. "Wamekaa mahali, wakafikiria."

"Nijibu moja," Inspekta alimwambia Fundi Masikio wakirudi. "Hivi vyuma, au kule kutetemeka kunapokuwepo, vinaweza kumficha dereva asihisi kwamba amegonga mtu?"

"Hapana." Alijibu bila kufikiri. "Vyuma hivi vinajifunza kinachojirudia. Pigo la injini linarudi, kwa hiyo linaweza kungojewa. Kishindo kinakuja mara moja, hakuna anayekingojea. Na kutetemeka kule ni kwa mfululizo, kishindo kinapita juu yake. Nimewahi kukanyaga tofali kwenye gari linalotetemeka kuliko hili. Anayegonga anajua amegonga."

Inspekta aliandika maneno hayo jinsi yalivyotamkwa.

Ikapandishwa pikapu ya kielelezo. Ubavu wa kulia, kopo lilikuwepo. Ubavu wa kushoto palikuwa patupu: tundu mbili za bolti, moja imeng'oka na meno yake ya kushikia bolti, na waya umekatika ukiwa na nyuzi zilizochanika. Hatua moja nyuma yake ndiyo ile rangi ya buluu.

"Huyu kafa, kompyuta ikamzima na mwenzake," alisema Fundi Masikio. "Mmoja peke yake angeharibu zaidi. Ndiyo maana ilitetemeka vile."

Inspekta alikuwa anazitazama zile tundu mbili na umbali uliokuwa kati yake. Kidole chake cha mguu kilianza kumpwita upya.

"Kompyuta hukumbuka siku kilipokufa?"

"Siku, sina hakika. Kilomita, ndiyo." Akachomeka waya chini ya usukani, miwani puani. Karakana nzima ilimsubiri, au Inspekta aliona hivyo. "Hapa. Saketi ya kushoto imekatika. Kilomita elfu arobaini na moja, mia tatu na kumi na moja. Injini ilikuwa imelaza silinda nne. Mwendo wa gari, sabini na sita."

"Rudia mwendo."

"Sabini na sita kwa saa."

"Kuna fundi anayefungua bolti chini ya gari linalokwenda sabini na sita?"

"Labda awe mjusi."

Sajenti alikuwa tayari ameshakitoa kitabu cha safari. Inspekta aliandika kwenye kiganja chake, kwa sababu karatasi ilikuwa mbali. Mzee alilichukua gari yadi kwenye 41,316. Mahali alipogongwa mkunga ni kilomita tano kutoka yadi, kwa hiyo mzee alipita pale kwenye 41,321. Chuma kilikufa kwenye 41,311. Kilomita tano *kabla* mzee hajaushika usukani.

"Yaani gari lilikuwa linakuja yadi," Sajenti alisema. Uso wake ulikuwa umebadilika. "Lilikuwa linarudi, afande. Lilimgonga likirudi."

"Sasa kitabu kimepata shahidi," alisema Inspekta. Ilikuwa saa sita na dakika ishirini.

Fundi Spana aliwapokea kwa tabasamu lile lile. Mlango wa ofisi ulikuwa wazi, umetulizwa na chuma kile kile. Inspekta safari hii alikiona tangu mbali.

"Umerudi, Inspekta! Watoto wa kompyuta wamekuchosha?"

"Kidogo. Nina swali dogo tu. Nyumbani kwako ni kilomita ngapi kutoka hapa?"

"Kumi na... kama kumi na nne hivi."

"Kwenda na kurudi?"

Fundi Spana, mtu wa kupiga hesabu za bolti siku nzima, aliiona hesabu hiyo kabla haijatamkwa.

"Nilikwambia nilijaribu breki."

"Ulizijaribu mpaka nyumbani, ukalala nazo, ukarudi nazo alfajiri. Sajenti, nisaidie hicho."

Sajenti alivaa glavu, akainama, akakinyanyua kile chuma kwa mikono miwili. Mlango ukajibamiza kwa kishindo nyuma yake, na Fundi Spana akaruka. Sajenti alikigeuza taratibu. Sikio moja la bolti lilikuwa limepasuka. Mkia wa waya ulikuwa umechanika. Na kati ya sikio na kopo, ulikuwa umebanwa waya mwembamba wa chuma cha pua uliopinda, njiti ya gurudumu la baiskeli, na ubavuni mkwaruzo wa rangi ya buluu.

"Hicho ni uzito tu," alisema Fundi Spana. "Pikapu za zamani zote zilikuwa navyo. Donge la chuma, basi. Ukikitoa, gari halijui. Nimevitoa zaidi ya ishirini, hakuna aliyewahi kurudi."

"Hiki kina waya."

"Nilidhani ni waya wa... Nilikikuta kinaning'inia kwa bolti moja. Nikakitoa."

"Kwa nini hukukitupa?"

Alimtazama kana kwamba ameulizwa kwa nini hakumtupa mtoto. "Chuma kizuri kama hicho?"

Hapo hapo akakaa chini, juu ya tairi, kwa kuwa kiti kilikuwa mbali. Spana ilimtoka mfukoni ikaanguka, hakuiokota.

"Nilisema ni mbwa," alisema. "Nilijiambia ni mbwa."

"Ulisimama kutazama?"

"Sikusimama."

"Kwa nini?"

"Sikuwa na ruhusa ya kulilaza gari nyumbani. Nikasema nikisimama, kutakucha, nitaonekana. Nililiosha. Mchana nikasikia ni mtu. Nikasikia ni mkunga. Na mzee alikuwa ameshachukuliwa."

"Na ukamwandikia kwa kalamu nyekundu kwamba gari halina shida. Ukaniambia mimi ni mikono yake."

Fundi Spana alifunika uso. Sajenti, ambaye kwa siku mbili alikuwa amemhesabu mzee kuwa mwongo, alimfunga pingu kwa nguvu kuliko ilivyohitajika, kisha akazilegeza.

Saa nane na nusu Inspekta aliingia tena kwenye kile chumba cha mahojiano. Mzee Taratibu alikuwa amekaa vile vile, mgongo wima.

"Umeleta karatasi?"

"Nimeleta kitabu chako."

Alimweleza yote kwa mpangilio: silinda zinazolala, vyuma viwili, kilomita, chuma cha mlangoni. Mzee alisikiliza kama dereva, akiuliza pale palipostahili.

"Kwa hiyo lilikuwa linatetemeka."

"Lilikuwa linatetemeka, mzee. Nimetetemeka nalo mimi mwenyewe. Muulize Sajenti suruali yake."

"Mke wangu alikuja jana, akaniambia labda ni mikono yangu. Mke wangu." Machozi yalimtoka naye hakuyafuta. "Na ningekuwa nimemgonga? Kwa kutetemeka kule?"

"Ungejua. Hakuna kinachoficha kishindo. Ungejua, na wewe ungesimama."

Mzee aliinamisha kichwa mara mbili. "Na mkunga?"

"Daktari anasema leo mchana alimbana nesi mkono. Macho bado."

"Alimbana mkono," mzee alirudia. Kisha akavuta kitabu karibu, akaomba kalamu. "Gari lina kilomita ngapi sasa?"

"Elfu arobaini na moja, mia nne na mbili."

"Mimi nililiacha kwenye mia tatu hamsini na mbili." Mkono ulitetemeka alipoandika, tarakimu zikapinda, lakini zilikuwa zenyewe. Pembeni akaongeza kwa herufi ndogo: *50 si zangu.* Inspekta alicheka, mzee hakucheka. Alipiga mstari wa kuifunga Jumanne, na chini yake, polepole, akaandika: *Chuma cha kushoto hakipo. Kirudishwe kabla gari halijatoka.*

Alikigeuza kitabu, akakisukuma mezani, kidole kwenye nafasi iliyobaki chini ya ile kalamu nyekundu.

"Hapa anatia sahihi aliyelitazama," alisema.

Inspekta alichukua kalamu. Aliandika *Limetazamwa*, akaweka jina lake.